Jina Sikuliandika

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupandisha malori yao Machame, mimi nilikuwa mwandishi wa Moshi wa gazeti jipya la Dar es Salaam. Magazeti ya watu binafsi yalikuwa yanazaliwa na kufa, na mhariri wangu hakuwa na salamu kwenye simu. "Una nini cha moto?" ndivyo alivyoanza.

Cha moto nilikipata kwa mama mmoja aliyeajiriwa na mmoja wa wanunuzi hao kupima kahawa ya wakulima. Tulikaa kihambani kwake, shamba linalozunguka nyumba, katikati ya migomba, akaniambia mizani ya tajiri wake imechezewa. Alizungumza taratibu, macho yakiwa njiani. Nilipofunga daftari alinishika mkono.

"Mwanangu, andika yote. Jina langu tu usiliandike."

"Ondoa shaka, mama. Halitatoka."

Sikumwamini mtu kwa maneno tu, hata yeye. Nilimwomba mkulima mmoja anipe gunia lake lililokwisha kupimwa pale lakini halijauzwa, tukalipeleka kwenye mizani ya duka moja Majengo, mjini Moshi. Tofauti ilikuwepo. Nikaandika, nikapeleka kwa faksi kutoka duka la vifaa vya ofisi la mzee mmoja wa Kihindi, ambaye mashine yake nilikuwa nimeizoea.

Mhariri akapiga simu. "Habari nzuri, lakini kavu. Msomaji hamwoni mtu. Mpe huyo mama sura."

Nikarudi dukani, nikaongeza aya moja, nikaituma. Nikiwa bado kwenye kaunta akaingia karani wa yule mnunuzi wa kahawa. Alinisalimia kwa adabu, akanunua bahasha, akatoka.

Gazeti lilitoka Jumamosi, habari yangu ukurasa wa mbele, jina halimo. Jumatatu yule mama aliambiwa asirudi kazini.

Nani alimtaja? Nilianza na karani. Alikuja kununua bahasha kweli, au alinifuata? Kisha nikamgeukia mhariri, kwa sababu wiki iliyofuata gazeti letu lilibeba tangazo la ukurasa mzima la mnunuzi yuleyule. Nilimpigia mhariri simu.

"Tangazo linahusiana nini na wewe?" akauliza. "Wewe andika."

Hakukataa, hakukubali. Tangu siku hiyo kila aliponisifu nilijiuliza anataka nini. Lakini aliyekuwa karibu na karatasi zangu kuliko wote alikuwa mzee wa faksi. Nikamwendea asubuhi, mlango wa duka ndiyo kwanza unafunguliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Zile karatasi zangu, ulizisoma?"

"Zinapita mikononi mwangu. Nilizisoma."

"Ukamwambia nani?"

Alivaa miwani. Hakupandisha sauti. Alichukua gazeti kutoka chini ya kaunta, akaweka kidole kwenye aya ya pili na kusoma kwa sauti: "Mjane huyo, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa anapima kahawa." Akainua macho. "Huko Machame kuna wajane wangapi waliokuwa walimu, na sasa wanapima kahawa?"

Ilikuwa ndiyo aya niliyoiongeza. Nilimwomba radhi mzee yule, akasema haina neno, lakini tangu hapo aliponihudumia alikuwa anageuza karatasi zangu kifudifudi, maandishi chini, ili nione hazisomi.

Nilipanda Machame siku hiyohiyo. Mama alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nilimweleza kila kitu, mpaka habari ya kumshuku mzee wa watu.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Jina hukuliandika. Mimi ndiye uliyeniandika."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Leo bado."

Wakulima wengi walimhama yule mnunuzi msimu huo, na mizani mpya ikaletwa. Yule mama hakurudishwa kazini. Alianza kuuza maziwa, na nilipokutana naye barabarani tulisalimiana vizuri tu, bila kusimama.

Nikajifunza kumsomea mtu habari yake kabla haijaondoka Moshi, sentensi kwa sentensi, nikimuuliza: hapa jirani yako akisoma, atakujua? Mhariri alisema nachelewesha kazi. Labda. Ile habari ya tangazo sikuwahi kujua ukweli wake, na nilipohamia gazeti jingine miaka miwili baadaye, nilianza kwa kuangalia kurasa za matangazo.

Kule Machame nikitoa daftari watu walianza kuzungumzia mvua.