Chupa Zilizonuka Pombe

Ruqaiya binti Muzamili alikuwa mfugaji wa nzi, na hilo hakumwambia mtu yeyote wa kwao Koboko. Nyumbani walijua tu kwamba yuko maabara mjini Arua. Baba yake akiulizwa msikitini hujibu, "Binti yangu daktari," naye Ruqaiya hutazama chini, asikanushe. Mficha uchi hazai, lakini nani atamwambia baba wa namna hiyo habari za nzi?

Kazi yenyewe haikuwa ya kuonea haya. Bawa la nzi wa matunda hujengwa na seli zinazopashana habari: hii humwambia jirani yake, ukingo uko hapa. Ruqaiya alikuwa na ukoo mmoja uliorithi kasoro katika habari hiyo, na mabawa yake yalimegeka kando kama chapati iliyoonjwa na mtoto. Alihangaika miaka kuupata. Ukoo ule haukuwepo popote ila katika chupa zake.

Maabara ilipofungwa kwa Idi, hakukuwa na wa kuwatunza nzi wale, akaja nao nyumbani. Chakula chao ni uji wa mahindi wenye sukari na hamira. Alizisukuma chupa chini ya kitanda, akaenda kukaanga sambusa.

Aliporudi, chupa zilikuwa zimeanikwa juani, tupu, zinang'aa.

Mama yake, Kadijah, alimvuta nyuma ya jiko. Alikuwa amelia. "Mimi nasikia harufu ya pombe chumba yako," alinong'ona. "Namwaga yote chooni. Baba yako hapana jua. Mimi naficha wewe, mwanangu, lakini wacha hii kitu."

Ruqaiya alitamani ardhi ipasuke immeze. Na aibu kubwa zaidi ni hii: kwa kitambo alipima moyoni kama si afadhali aitwe mlevi. Kisha machozi yakamtoka.

"Mama, haikuwa pombe. Zilikuwa nzi zangu. Kazi yangu iko kufuga nzi. Na sasa zimekwisha, hakuna ingine."

Kadijah aliketi juu ya kinu. "Mimi naona nzi ndani, nasema hata nzi nalewa hapa." Hakucheka.

"Wewe naona haya ya kazi yako," aliuliza, "ama ya sisi?"

Ruqaiya alikwenda kuzianua chupa. Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa lile la pili.