Mchungwa Uliomchanganya Mpishi wa Runyenjes

Saa moja unusu asubuhi, Jumanne, ukungu haujaondoka Runyenjes, na Gladwell Igoki amesimama mbele ya mabakuli mawili akiyatazama kama mtu aliyeletewa watoto wa jirani kimakosa.

Anachovya kijiko katika bakuli la kwanza. Analamba, anatikisa kichwa kukubali. Anachovya katika la pili, na uso wote unakunjamana.

"Sasa hii nayo ni nini?" anauliza, ingawa jikoni hamna wa kumjibu. "Maziwa ni moja. Chumvi ni moja. Machungwa nimechuma kwa mti mmoja, jana jioni, na huu mkono wangu. Haki mimi sielewi."

Kilichomo ni sosi ya yogati na machungwa, ile ambayo wateja wa hoteli hii ndogo karibu na soko huchovya mbuzi wa kuchoma na viazi vya kukaanga. Wapo wanaoiagiza kabla hata ya kuulizia nyama.

Gladwell, 43, amefanya kazi hapa miaka kumi na mmoja. Mitano ya kwanza aliosha sufuria tu. Sosi yenyewe aliibuni mwaka juzi, bila kujua kwamba anabuni kitu. "Kulikuwa na yogati imebaki na machungwa yameiva sana. Sikutaka kutupa, nikachanganya," anasema.

Wiki hii, sosi hiyo imemkosesha raha. Mwenye hoteli, Nyaga, anafungua tawi Kaaga, mjini Meru, na anatafuta mpishi mkuu. Gladwell ndiye wa kwanza kufikiriwa, ila kuna sharti. Kufikia Ijumaa awe ameandika kwenye karatasi jinsi sosi inavyotengenezwa, na mpishi mwingine aifuate karatasi hiyo apate ladha ile ile.

"Mama Winfred anajua kupika, hiyo hakuna ubishi," Nyaga anasema kuhusu Gladwell. "Lakini leo iko tamu, kesho mteja ananirudishia sahani. Siwezi kufungua hoteli Kaaga na sosi ya kubahatisha."

Kwa Gladwell, Kaaga si kazi tu. Winfred, mtoto wake wa pekee, yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni huko. Mshahara wa mama ni Sh14,500 kwa mwezi na karo huula karibu wote, kwa hivyo humwona binti mara moja au mbili kwa muhula, nauli ikipatikana.

"Mtoto anakua na mimi sioni," anasema. "Likizo iliyopita nilienda stejini kumpokea, nikakumbatia msichana wa wenyewe."

Anacheka anaposimulia hayo, kisha anageuka kutafuta kitambaa ambacho kiko begani mwake.

Utengenezaji hauna siri. Maziwa huchemshwa, yakaachwa yapoe mpaka kidole kistahimili, yakatiwa kijiko cha yogati ya jana na kufunikwa kwa blanketi usiku kucha. Asubuhi yogati huchujwa kwa kitambaa safi ili iwe nzito. Halafu anakwaruza maganda ya matunda, anakamua maji yake, anaongeza kitunguu saumu, chumvi na dania. Matunda manane kwa kila sufuria. Basi.

Kwa siku nne amebadilisha kila kitu. Amebadilisha kitambaa. Amepunguza saumu. Amemshuku ng'ombe wa jirani kwamba amekula majani mabaya. Antony, mchoma nyama ambaye amezeeka mbele ya makaa ya hoteli hiyo, alikuwa na maoni yake. "Ni roho yako, mama. Siku umekasirika, sosi pia inakasirika," alimwambia.

Gladwell alilichukua shauri hilo kwa uzito wote. "Nikaimba nyimbo za kanisa zote ninazojua nikikoroga. Ikawa chungu na nyimbo zikiwa juu!"

Jumatano alasiri, baada ya kazi, alimwita nyumbani Mzee Gitari, mwenye kitalu cha miche ng'ambo ya mto. Hakumwita kwa ajili ya sosi. Alitaka dawa ya mchungwa wake, kwa kuwa baadhi ya matunda yalikuwa na ngozi ya mikunjo, naye alidhani ni ugonjwa.

Gitari aliuzunguka mti mara mbili, akapiga magoti, akafukua nyasi kwenye shina. Kisha akaanza kucheka.

"Mama, hapa hakuna ugonjwa. Huu si mti mmoja. Ni miti miwili imesimama kwa mguu mmoja."

Mchungwa wa kununua kitaluni, alimweleza, huwa umeunganishwa juu ya shina la ndimu kali, kwa sababu mizizi ya ndimu huvumilia ukame. Chochote kinachochipuka chini ya kiungo hicho ni ndimu, na mkulima hutakiwa kukikata mapema.

Gladwell hakukata. Miaka kadhaa iliyopita kiangazi kilikausha nusu ya mti huo, na alipoona machipukizi ya kijani yakitoka chini alifurahi sana. Aliyamwagilia maji ya kuoshea vyombo kila jioni. Alitoa hata shukrani kanisani.

"Nilisimama mbele ya watu nikasema Mungu amefufua mchungwa wangu," anasema, akijifunika uso kwa viganja. "Kumbe nalea ndimu!"

Mambo yakaanza kufunguka. Alikuwa akichuma manane bila kuchagua. Siku ndimu zikiwa nyingi, sosi ilikuwa kali na yogati ilikatika ikatoa maji. Siku zikikosekana kabisa, ilipooza. Jioni hiyo hiyo alijaribu machungwa sita na ndimu mbili, akaonja, akakaa chini kwenye kigoda.

Ilikuwa yenyewe.

Lakini Gitari alikuwa na neno jingine. Ndimu isipokatwa, itaunyima mchungwa chakula mpaka ufe.

"Nilichanganyikiwa upya," Gladwell anasema. "Nikikata, sosi imekufa. Nikiacha, mti umekufa. Na sokoni hakuna mtu anauza hiyo ndimu, watu hawaitaki."

Mzee alikuna kichwa. Ndimu hizo anazo, tena nyingi. Huzipanda kwa ajili ya mbegu za miche yake, na akishatoa mbegu hutupa vilivyobaki shimoni.

"Mimi nataka mbegu tu," alisema. "Hayo maji yake nimemwaga maisha yangu yote."

Wakakubaliana. Yeye abaki na mbegu, Gladwell achukue maji na maganda.

Alhamisi aliandika karatasi. Aliacha shule darasa la sita, na anasema kuandika kulimchosha kuliko kuchota maji mtoni. Ijumaa, Antony alipewa karatasi na jikoni, naye Gladwell akaambiwa asubiri nje.

Saa sita Nyaga alionja mabakuli mawili, la Antony na lile ambalo Gladwell alikuwa ametengeneza mapema, huku amefumba macho. Alionja tena. Alishindwa kuyatofautisha.

Antony alipiga makofi. Gladwell hakupiga. Machozi yalikuwa yanamlenga, na si ya furaha.

"Nikajiuliza, kama Antony anaweza, mimi ni wa nini tena? Nimejifukuza kazi na biro yangu mwenyewe?"

Nyaga alipomwona alicheka mpaka akashika meza. "Mama Winfred, Antony anabaki hapa na karatasi. Wewe unaenda Kaaga. Huko pia kitu kitaharibika, na nataka mtu ambaye hawezi kulala mpaka ajue ni kwa nini."

Jioni alichukua panga akaikata ndimu iliyochipuka chini ya kiungo. Anakiri kwamba aliiomba msamaha.

Barua ya kazi mpya iko kwenye mkoba wake, imekunjwa ndani ya Biblia. Anaanza Jumatatu.

"Imeandikwa mpishi mkuu," anasema polepole. "Nimeisoma mara nne nikitafuta mahali jina limekosewa. Halijakosewa."

Winfred bado hajui lolote. Mama yake hajapata njia ya kumweleza habari ya mti wenye matunda mawili, nyimbo za kanisa na Antony. Jumapili ijayo ni siku ya wazazi kutembelea wanafunzi, na safari hii hahitaji kutafuta nauli.

"Chumba nimepata karibu na hiyo shule," anasema. "Nitafika kabla geti halijafunguliwa. Nitaketi hapo nje. Na safari hii nitamtazama vizuri kwanza, ndiyo nimkumbatie."