Vidole Vyangu kwenye Msiba wa Mwalimu

Mwenzenu nimeaibika. Mwalimu Magesa, aliyenifundisha kinanda kwenye kwaya yetu hapa Kitaji, alinionya hadi alipougua: "Fanya mazoezi, halafu pumzisha mkono." Mimi na kichwa changu kigumu nikaona ananichelewesha. Alipofariki, nikaombwa kupiga kinanda msibani kwake. Nikashinda nafanya mazoezi bila kupumzika, hata chakula kikapoa.

Juzi, mbele ya jeneza, wimbo ukaisha na kwaya ikanyamaza. Kinanda kikaendelea kulia. Vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa juu yake, haviinuki. Watu wakadhani ni uchungu. Akina mama wakaangua kilio. Mchungaji akafuta macho, akasubiri. Mjane akaja kunikumbatia.

"Lia tu, mwanangu."

Nikamnong'oneza, "Mama, silii. Vidole vimekaza, haviachii."

Nilisahau kipaza sauti kilikuwa mdomoni pangu. Kilio kikakatika ghafla, kikabaki kinanda peke yake. Mjane akaanza kuvibandua vidole vyangu, kimoja kimoja.

"Si alikuwaga anakuambia upumzike?"

Hiyo nayo ikasikika mpaka kule walikokuwa wanachimba kaburi.