Kumzoesha Mtoto Maji Kabla ya Meli

Nilianza kushtuka siku baba mtoto aliponieleza kwamba kuna meli ambayo watu wanalipa kuipanda na haiwapeleki popote. Yeye alikuwa mpishi kwenye meli moja kubwa ya watalii huko ng'ambo. Jumapili hiyo alinipigia simu ana furaha mpaka maneno yanamgongana mdomoni. Wakubwa wake walikuwa wamemkubalia atualike, mimi na mtoto, tukae naye melini wiki nzima.

"Inatupeleka wapi?" nikamuuliza.

"Inazunguka tu. Inapita visiwani, halafu inarudi pale pale ilipotoka."

"Pale pale?"

"Pale pale, mama."

Mimi ni mtu wa Kiambu, kwetu mtu akisafiri anarudi na kitu, hata kama ni mkungu wa ndizi. Eti mtu mzima na akili zake anakodisha chumba juu ya maji, anakula, analala, anarudishwa alikotolewa, na anashukuru! Lakini sikubisha. Mtoto wetu alikuwa amepita miaka miwili, na baba yake aliondoka mtoto akiwa bado kwenye shali. Alikuwa amefika mahali anamwita "baba" kila mwanamume mwenye masharubu kama ya babake wa kwenye picha. Alimwita hivyo askari wa geti letu, akamwita hivyo na muuza vitunguu, na nikaona aibu mpaka nikageuza njia ya kwenda sokoni. Kwa hiyo ingekuwa meli ya kuzunguka au ya kusimama, mimi nilitaka mwanangu akamwone babake.

Shida ikawa maji.

Baba mtoto alinieleza kwamba kwenye vile vyumba hakuna mahali pa kumkalisha mtoto umwogeshe. Kuna shawa peke yake, maji yanakushukia kichwani. Nje kuna mabwawa ya kuogelea na pahali pa watoto kuchezea maji, ila mtoto wa nepi haruhusiwi kutia hata mguu.

"Hata mguu?"

"Hata mguu. Akijisahau humo ndani, wanatoa watu wote, wanamwaga maji yote, wanasafisha upya."

"Wanamwaga maji yote? Ya bwawa zima? Kwa mkojo wa mtoto?"

"Si mkojo tu," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Tulikuwa tunakaa Ngara, ghorofa ya tatu, na mfereji wetu ulikuwa unakohoa hewa siku nyingi kuliko ulivyotoa maji. Shawa tulikuwa nayo, lakini chini yake tulipanga mitungi. Mtoto nilimwogeshea jikoni, amesimama kwenye beseni, na maji yale yakitoka mwilini mwake yanapiga deki, yakitoka kwenye deki yanaenda chooni. Maji ya kwetu yalikuwa na kazi tatu kabla ya kwenda zake. Sasa niambiwe kuna watu wanaomwaga bwawa zima! Lo!

"Mzoeshe maji," baba mtoto akasema. "Tafadhali. Nataka akifika huku asiyaogope."

Alilirudia hilo kila Jumapili aliyopiga simu. Asiyaogope, asiyaogope. Nikaona ni mambo ya mtu aliyekaa na wazungu.

Nikaanza na kumwachisha nepi. Hiyo vita siisimulii, anayejua anajua. Halafu shawa. Nilichukua kopo la mafuta ya kupikia, nikalitoboa matundu chini kwa msumari, nikalishika juu ya kichwa chake amesimama kwenye beseni. Mara ya kwanza alishtuka, akashika pumzi, akaniangalia kama nimemkosea. Mara ya pili akatoa ulimi. Mara ya tatu akaanza kupiga kelele, "Mvua! Mvua!" na kuruka mpaka maji ya deki yote yakaishia ukutani. Nikamtandika? Wapi! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kilichobaki kilikuwa bwawa. Hapo ndipo kaka yangu alipoingilia. Kaka yangu ni mdogo kwangu lakini ana maneno ya mzee wa kanisa, na kuogelea alijifunzia shuleni. Akasema atamfunza mtoto mwenyewe. Na bwawa tulipata kwa shangazi ya mume wangu, Mkamba aliyefundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka akastaafu. Alikuwa anakaa Kitisuru kwa binti yake aliyeolewa vizuri, kwenye nyumba yenye miti mingi mpaka huoni jirani. Mama huyu nilimpenda, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuvumilia Kiswahili cha Nairobi. Ukisema "kitu yangu" anafumba macho kama amemeza dawa chungu. Alinikataza kumwita Anti. "Mimi ni Shangazi," akasema. "Anti ni nini?"

Tukaenda Jumamosi moja asubuhi. Wenye nyumba walikuwa wamesafiri. Nilipoliona lile bwawa nilisimama. Maji yote yale yamelala tu juani, hayafanyi kazi yoyote, hayapigi deki. Mtoto naye alinikaba mguu.

"Niaje, bingwa?" kaka yangu akamwambia, tayari amevua shati. Alimketisha kwenye ngazi za bwawa, maji yakimfika magotini. Mtoto akayapiga kofi, yakamrukia usoni, akacheka. Akayapiga tena. Shangazi alivuta kiti ukingoni, akaweka pembeni fimbo aliyotembelea kwa sababu ya miguu iliyokuwa inamvimba. Mimi nilipoona mambo ni mazuri nikaingia jikoni kumpashia mtoto uji. Shangazi alikuwa amewasha mashine ya kufua, na ilikuwa inanguruma humo ndani kama lori linalopanda mlima. Dirisha lilikuwa wazi lakini nje nilikuwa nasikia kwa vipande vipande.

Yaliyotokea huko nje niliambiwa baadaye. Kaka yangu alichoka na ngazi. Akamchukua mtoto kifuani, akaanza kutembea naye kuelekea kwenye kina. Mtoto akamshika shingo kwa mikono miwili. Shangazi akamwambia amrudishe. Kaka yangu, na hekima zake, akamjibu, "Anti, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mama yake mwenyewe amesema azoee." Shangazi akaona huyu hasikii, akageukia dirisha la jikoni, akaita kwa ile sauti ya darasani:

"Mama! Mtoto ana woga!"

Mimi niko na mwiko mkononi. Nikasikia: mtoto anaoga.

Haki ya Mungu, nilifurahi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Mtoto wangu wa beseni anaoga kwenye bwawa la Kitisuru! Nikaita kwa nguvu zangu zote, "Mwache aoge!"

Shangazi, kwa ile ngurumo, akasikia nimesema mwache aogope. Aliniambia baadaye kwamba alishtuka, akajiuliza ni mama wa namna gani huyu aliyeolewa na mpwa wake. Akaita tena, kwa hasira sasa:

"Nimesema ana woga sana!"

Anaoga sana! Nikacheka peke yangu jikoni. Nikaita, "Na aoge! Aoge mpaka achoke!"

Hayo kaka yangu aliyasikia vizuri kabisa. Kwake ilikuwa ruhusa ya mama. Akaanza kuvibandua vidole vya mtoto shingoni, kimoja kimoja, ili amlaze juu ya maji kama alivyofundishwa yeye. Akarudi nyuma hatua moja. Sakafu ya bwawa pale ilikuwa inashuka ghafla, na hakulijua bwawa lile. Mguu ukakosa pa kukanyaga.

Mimi nilitoka na kikombe cha uji, bado natabasamu. Nikaona kiti cha Shangazi kitupu. Nikaona kichwa cha kaka yangu kinazama na kuibuka, kinakohoa. Mtoto sikumwona.

Watu husema walipiga nduru. Mimi sauti haikuja. Nilisimama na kikombe, naangalia maji yale, na maji yalikuwa mazuri, ya bluu, yanameremeta. Halafu nikamwona Shangazi. Alikuwa ameingia bwawani na gauni lake la maua, viatu miguuni, bila fimbo, maji yamemfika kifuani. Aliinama mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka na kuelea, akainuka amemshika mwanangu mkono mmoja, kama mtu aliyechomoa nguo kwenye karai.

Mtoto alikuwa kimya. Macho wazi, kimya. Nilimpokea nikamgeuza kichwa chini, nikampiga mgongoni, nikampiga, Ngai wangu, nikampiga. Maji yakamtoka puani. Akakohoa. Kisha akalia, na kile kilio ndicho kilichonirudishia sauti yangu, nikalia pamoja naye hapo kwenye nyasi.

Kaka yangu alipojikokota ukingoni nilimzaba kofi. Hajawahi kulipigia kelele lile kofi mpaka leo.

"Wewe ulisema aoge!" akasema, ameshika shavu. "Nimekusikia!"

"Kwa sababu Shangazi alisema anaoga!"

"Mimi?" Shangazi alikuwa ameketi kwenye ngazi, maji yanamchuruzika. "Mimi nilikwambia ana woga. Woga! Nilikwambia mara mbili!"

"Ulisema anaoga!"

"Ana woga!"

"Si ndiyo hiyo! Anaoga!"

Nilimwona Shangazi akiyasema yale maneno chini kwa chini, mdomo unacheza, hivi, halafu vile. Uso wake ukabadilika. Maisha yake yote alikuwa amekisimamia Kiswahili kama askari, na mtu yeyote wa Ngara angesema tu "mtoto anaogopa" na mwiko ungenianguka mkononi. Akajifunika uso kwa viganja. Nikamwendea, nikamvua viatu vilivyojaa maji. Sikuwa na hasira naye hata chembe. Ni yeye aliyeingia.

Tulimpeleka mtoto hospitali kule Parklands. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema mapafu ni masafi, tumshukuru Mungu. Tukamshukuru. Tukarudi Ngara.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jioni hiyo nilipoweka beseni chini, mtoto alianza kutetemeka kabla sijamimina chochote. Nililishika lile kopo la matundu, nikasema, "Mvua, baba, mvua," akapanda juu ya kiti, akapanda juu ya meza, angeweza angepanda ukuta. Nilimpangusa na kitambaa kilichokauka. Hata maji ya kunywa aliyaangalia kwanza. Na neno hakusema, hata la kuomba maziwa. Nililala nimemkumbatia nikijiambia kwamba safari imekufa, na babake ataendelea kuwa mtu wa masharubu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, simu ikalia.

"Anaendeleaje na maji?" Hata salamu hakutoa.

Nikampasukia. Nilimweleza yote bila kumpa nafasi, kaka yangu, Shangazi, lile neno, macho ya mtoto. Nikamwambia meli yake aizungushe mwenyewe. Nikamwambia mzoeshe maji, mzoeshe maji, sasa ona, umefurahi? Umekaa huko unaogelea na wazungu, sisi huku tunazama!

Nilidhani laini imekatika.

"Hallo?"

"Mimi sijui kuogelea," akasema.

"Ati nini?"

"Sijui. Sijawahi kujua. Hayo mabwawa sisi wapishi haturuhusiwi, na hata tungeruhusiwa nisingeingia. Siku ya mazoezi ya kuokoana walinivalisha jaketi la kuelea, wakanisukuma, nikafumba macho mpaka wakanitoa. Jikoni tuko chini, hakuna dirisha. Nikikata vitunguu nasikia maji yanagonga ukuta. Kila siku, mama. Nayasikia hata nikilala."

Miaka yote hiyo! Picha zote zile alizotuma, amesimama ametabasamu, bahari nyuma yake! Mimi nilikuwa nawaambia majirani mume wangu ni mtu wa baharini. Nilitaka kumtukana, nilitaka kucheka, na nilitaka kushika kichwa chake niweke kifuani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka. Nilitaka yeye asiwe kama mimi, ndiyo maana." Akavuta pumzi. "Mje tu. Mje hivyo hivyo. Hatutagusa maji hata tone. Tutakaa chumbani sote watatu tufunge mlango."

Mtoto alikuwa ameketi mapajani mwangu, anaisikiliza ile sauti inayotoka kwenye simu. Sikumwambia aseme kitu. Niliweka tu simu sikioni mwake.

Kisha akaishika simu kwa mikono miwili.

"Maji mbaya," akasema.

Nilimsikia babake kutoka huko mbali.

"Najua, baba," akamwambia. "Najua. Hata mimi naogopa."