Funga ya Dada Yangu

Siku niliyompasua dada yangu mdomo kwa mwiko, alikuwa amefunga. Nasema mapema, asije mtu akanionea huruma katikati ya habari hii.

Tulikuwa watu wazima, wote wawili tumeshaachika, tunaishi Kiegeani katika nyumba ya marehemu mama. Mama aliuawa na saratani ya titi. Sisemi alifariki, kwa sababu ni mimi niliyemwosha na niliona alichofanyiwa pale kifuani: ngozi imevutwa ndani, imekunjamana kama ganda la chungwa, na katikati imefumuka. Tangu hapo niliuchukia ugonjwa ule kama mwizi aliyekwisha kuijua nyumba.

Na sisi tulikuwa wanene. Hospitalini tulipokewa na muuguzi, binti mdogo tu, akatuamkia shikamoo, akatupima, kisha akatupa ukweli bila kutuonea haya.

"Mama zangu, unene huu baada ya hedhi kukoma unaongeza hatari ya saratani ya titi. Punguzeni."

Nikamuuliza kipi bora, kufunga au kupunguza chakula kila siku.

"Kwa uzito vinakaribiana. Mtakachokiweza mwaka hadi mwaka ndicho bora. Lakini hakuna kinachotoa ahadi. Mkijipapasa mkakuta kijiwe, msingoje kukonda. Njooni."

Dada akachagua funga, Jumatatu na Alhamisi, apungue na thawabu apate. Mimi sina subira ya kushinda na njaa kutwa, nikachagua kupunguza: bakuli dogo, samaki wa kuchemsha, nazi marufuku. Hapo vita vikaanza. Kwetu watu hula sinia moja, na anayejitenga na bakuli lake ni kama amesema mikono ya wenzake inanuka. Dada alilitazama bakuli langu kana kwamba nimelitemea mate sinia la mama. Mimi nami nilimwona anashinda na njaa, halafu anafuturu kwa kisasi: muhogo wa nazi, tambi, kaimati zilizochovywa shira. Nikamwambia anataka kumdanganya Mungu na mizani kwa mpigo mmoja. Tulirushiana maneno, tukarushiana vifuniko, na siku moja niliipiga teke mbuzi ya kukunia nazi, ikaenda kupasua mtungi wa maji.

Ajabu ni kwamba aliyepungua ni yeye. Aliongeza siku, akawa anafunga karibu kila siku, akisema analipa Ramadhani za zamani alizokula kwa sababu ya uzazi. Futari yenyewe ikawa tende, maji na vijiko vichache vya uji. Magauni yakamning'inia. Majirani wakamsifu, na mimi na kibakuli changu nikaona wivu mpaka kooni. Njaa ya kupunguza haina magharibi, iko na wewe asubuhi na jioni. Nilikuwa naamka natafuta wa kumpiga.

Alasiri ile alikuja jikoni akamimina tui zito kwenye sufuria ya samaki wangu.

"Kula kama watu, mdogo wangu," akasema. "Umeshakuwa mkali kupita kiasi."

Nikamtwanga mwiko wa mdomo. Damu ikamchirizika kidevuni hadi kwenye kanga. Hakuinua hata mkono.

"Mimi nimefunga," akasema, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani kumjibu mtu anayekuchokoza mchana wa funga.

Nikamtukana. "Nimefunga." Nikamsukuma ukutani. "Nimefunga." Akatema damu asije akaimeza, funga ikaharibika, akaenda kuketi barazani kungoja adhana.

Mwadhini alipoadhini, akala tende, akanywa maji, akasema alhamdulillahi, akaiweka bilauri chini taratibu. Kisha akanijia na mchi.

Nilikinga kwa mkono wa kushoto, nikasikia kidole kikivunjika. Tukabingirishana sakafuni. Nilimng'ata bega, akaning'oa nywele, nikamkamata gauni kifuani nikavuta kwa nguvu zangu zote. Gauni likapasuka hadi kiunoni. Nilikuwa nimeshakunja ngumi ya kummaliza nayo nilipoona titi lake chini ya taa. Lilikuwa limevutwa ndani, na ngozi yake ilikuwa ile ile niliyoiosha kwa mama.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Kabla sijaongeza siku."

"Na ukanyamaza?"

"Nakinyima hiki kijiwe," akasema. Alikuwa anatweta. "Kikikosa chakula kitakufa."

"Utaanza kufa wewe."

Akajifunika kwa kanga yenye damu, akageukia ukutani. Mimi nililia, na huku nalia bado nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga kwa kila siku aliyofunga nikamwonea wivu.

Asubuhi nilimkamata kifundo cha mkono kwa mkono wangu mzima nikamburuta hadi barabarani, bodaboda ilikokuwa ikitungoja. Alikita visigino mchangani. Nikavuta. Akashika nguzo ya ua wa jirani, nikambandua vidole.

"Mimi nimefunga," akasema, mdomo wake umevimba, nusu haufunguki.

"Basi utafuturu hospitali," nikamwambia, nikampakia kwa nguvu, nikapanda nyuma yake, nikamkumbatia asiruke.