Mikongo Yenye Uvungu

Siti Gharibu wa kijiji cha Chumbi hakuwa mtu wa kupayuka. Alilima maboga kando ya msitu miaka kumi na mbili ya ujane wake bila kugombana na mtu. Lakini mwaka 1994, biashara ya mbao ikiwa imeachiwa huru na kila mwenye lori anakuja na kibali chake cha magogo, uvumilivu ulimwishia.

Maboga yalichanua, maua yakapukutika bila kushika tunda. Siti alishinda shambani asubuhi nzima, akaona nyuki wadogo watatu tu. Wale wasiouma, waliokuwa wakijaa kila ua.

Akaingia msituni kuwatafuta. Akakuta mkongo, mti mkubwa wa mbao, umeangushwa na kupasuliwa. Ulikuwa na uvungu, na gogo lenye uvungu halina mnunuzi. Wakataji walikomba asali wakaliacha. Majana, watoto wa nyuki, yametapakaa, siafu wanayabeba. Mbele akakuta mwingine, na mwingine. Kufika wa tisa, akageuka kurudi kijijini.

Mwenyekiti wa kijiji, Mahamudu, mtoto wa kaka yake, alikuwa akinywa kahawa na Talib, mwenye lori.

"Wanaua hata miti wasiyoitaka, nawe unakunywa nao kahawa?" Siti akamuuliza.

"Shangazi, kibali kimetoka wilayani. Halafu, nyuki tu hao."

"Nyuki tu! Bila hao, hilo boga unalokula kwangu kila mwaka lingetoka wapi?"

Talib akacheka. "Bibi, tutajuaje mti una uvungu kabla ya kuukata?"

Siti akachukua shoka lililoegemezwa kwenye lori, akawaongoza mpaka msituni. Akaugonga mkongo mmoja kwa kisogo cha shoka. Ukaitika kama ngoma. Akawaonyesha mrija mdogo wa nta kwenye shina, nyuki wakiingia na kutoka.

"Una masikio? Una macho? Basi sema hukutaka kujua!"

Talib akaugonga naye, akasikiliza.

Kesho yake Siti na jirani yake Zena walipaka chokaa miti kumi na mitatu yenye nyuki, ili wakataji waijue na kuiacha. Kumi na mmoja ilipona. Miwili waliikata vilevile, na hakuna aliyewajibishwa. Wanawake hao wakabeba vipande vyenye nyuki hai, wakavitundika chini ya upenu wa nyumba ya Siti.

Sikukuu ya Idi, Mahamudu alikuja na sukari kuomba radhi. Siti alikuwa akiziba ufa wa gogo moja la nyuki kwa udongo.

"Weka hapo," alisema, wala hakugeuka.