Ufa Chini ya Mkeka

Juzi nilikuwa napita hapa Ikolo, nikamkuta binti mmoja amepiga magoti barazani anasiriba sakafu. Ilinijia ile harufu ya samadi mbichi iliyokandwa na udongo mweusi, ambayo wajukuu zangu wenye nyumba za saruji wakiisikia huziba pua. Miguu ilikataa kuendelea. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Bibi, umepotea njia?" binti akaniuliza.

Nikamwambia hapana, mwanangu, endelea na kazi. Nikajikongoja hadi nyumbani, na tangu siku hiyo sakafu ya mama yangu haijaniacha. Basi niwasimulieni, huenda nikapumzika.

Ninyi mliozaliwa juu ya saruji hamwezi kujua sakafu ilikuwa nini kwetu. Ilikuwa uso wa mwanamke. Mgeni akishaketi, kabla hajaona sura yako huwa ameshatazama chini. Bibi yangu, mama mzazi wa baba, alikuwa na msemo wake: mwanamke mvivu hujulikana kwa nyayo za wageni wake. Mama hakutaka nyayo za mgeni yeyote zimseme. Akishasiriba na sakafu ikianza kukauka, aliisugua kwa jiwe laini la mtoni, polepole, mpaka ikang'aa kama mgongo wa kambare. Ukimwaga kunde juu yake unaziokota na kuzitia chunguni bila kuzipuliza. Baba yangu, Andongolile, alikuwa akijipangusa miguu mlangoni kwa majani ya mgomba kana kwamba anaingia ukweni, na bibi akamcheka, kwamba amezaa mwanamume anayeogopa udongo.

Hiyo ilikuwa zamani za Wadachi, yaani Wajerumani. Walikuwa wametaka barabara ya kutoka ziwani kwenda huko juu milimani, na kwa kuwa nchi yetu ya Kyela ni bapa na mvua zake hazina adabu, walitaka iinuliwe juu ya tuta. Wanaume wa kijiji wakabeba udongo kwa vikapu, kiangazi kizima, mnyapara akiwa nyuma yao. Baba alirudi jioni amepakaa tope mpaka masikioni. Sisi watoto tulipanda juu ya tuta lile tukaona kila mtu amekuwa mdogo, na mimi nikawaambia wenzangu kuwa hii ni barabara ya baba yangu.

Kisha ikaja vita ya Wazungu. Askari walifika asubuhi, wakachagua wanaume wenye mabega, wakawapeleka kubeba mizigo. Baba alikuwa na mabega. Alipewa muda wa kuchukua mkeka tu. Mlangoni alimwambia mama, "Nitunzie nyumba." Mama akajibu, "Ndaga," yaani ahsante, neno letu Wanyakyusa tunalolitumia hata pale ambapo hakuna cha kushukuru.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, ufa ulitokea karibu na meko. Mwanzoni ulikuwa mwembamba kama unywele. Mama aliuziba. Ukarudi, mpana wa kuingia kidole. Akauchimbua, akajaza udongo mpya, akasiriba, akasugua. Sasa pale pakabonyea kama sinia, na usiku nilipolala kifudifudi nilihisi baridi ikipanda tumboni.

Tuliwashuku wengi. Kwanza fuko. Bibi alitega mtego ambao ulimnasa kuku wake mwenyewe, tukamla siku hiyo kwa huzuni kubwa na chumvi. Kisha mchwa, mama akawamwagia majivu na maji ya moto, ila hakuna mchwa aliyetoka kulalamika. Nikashukiwa mimi kwamba narukaruka. Akashukiwa ng'ombe wetu mwekundu, ambaye alilala upande wa pili wa nyumba kama ilivyokuwa desturi yetu, akahamishiwa kwenye kibanda cha nje, akatuangalia kwa macho ya kudhulumiwa.

Bibi akasema ni wazee, wamesahauliwa. Akamimina pombe kidogo kwenye ufa na kuwaita kwa majina. Mama, aliyekuwa amebatizwa, akamleta mwalimu wa dini, tukaimba na kuomba tumezunguka mahali palepale. Sakafu ikanywa pombe, ikasikiliza zaburi, na kesho yake ikapasuka vilevile. Sakafu yetu haikuwa na dini.

Hapo ndipo mama akaweka mkeka juu ya ufa. Akaniambia, "Tumpe, mtu akikuuliza, huo mkeka ni wa kukaa wewe." Nami nikaukalia kila alipokuja mgeni, nimenyooka kama jumbe.

Lakini baba mdogo hakudanganyika. Huyu ni Ambakisye, mdogo wake baba, aliyekuwa na nyumba yake ng'ambo ya barabara, na ambaye hakuchukuliwa vitani kwa sababu ya mguu mbovu. Aliinua mkeka kwa ncha ya fimbo, akabonyeza udongo, fimbo ikazama.

"Mama Tumpe, hii si kazi ya panya," akasema. "Nyumba hii inaliwa na mtu."

Mama akaurudisha mkeka mahali pake.

"Ikianguka, mke wa kaka yangu hatalala nje. Nyumba yangu ipo."

"Ahsante, shemeji," mama akasema. "Mwenye nyumba yuko safarini."

Nilimwona baba mdogo mtu mwema sana. Sikuelewa kwa nini baada ya yeye kuondoka mama alisugua sakafu kwa nguvu mpaka jiwe likamponyoka.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Bibi Kisa, mjane asiye na mtoto, aliyeolewa huku kutoka Ikombe kwa Wakisi, wale wafinyanzi wa kando ya ziwa. Moto wetu ukizimika, kwake ndiko nilikotumwa kuchukua kaa la moto. Zamani alinikaribisha ndani, akanipa kiazi. Mvua zile alianza kunitolea moto mlangoni. Alifungua kidogo, akapitisha kigae chenye makaa, akafunga. Nilimwambia mama. Mama, kwa uchovu wake, akamwambia bibi. Bibi akamwambia mwanawe, baba mdogo.

Wakamwita Bibi Kisa mbele ya watu. Baba mdogo akamuuliza, "Kwa nini watu hawaingii tena kwako? Unaficha nini?"

Bibi Kisa alitazama chini. Kisha akainua macho. Alimtazama mama mara moja, kama mtu anayengoja mwenziwe amsaidie mzigo kichwani, na mama naye akatazama chini. Zamani wangemnywesha mwafi, ile dawa ya kumjua mchawi. Wadachi walikuwa wameikataza, kwa hiyo wakamwambia aondoke tu. Aliondoka na chungu kimoja na mwiko, akishuka kuelekea ziwani, mvua ikimnyeshea. Hakuna aliyemsindikiza.

Sakafu yetu haikupata habari kuwa mchawi ameondoka. Ufa ulifika ukutani.

Kwa kuwa udongo wa kwetu wote ulikuwa tope, mama aliona afadhali akachimbue sakafu ya Bibi Kisa, apate udongo mkavu wa kuzibia yetu. Aliamini sakafu ya mchawi lazima iwe nzima. Alinichukua tukaenda na kikapu. Ndani mlikuwa na giza na harufu ya nyumba isiyowashwa moto. Mama akasimama ghafla. Katikati ya chumba, mahali ambapo hakuna mtu anayeweka mkeka, palikuwa na mkeka.

Aliuinua. Chini yake palikuwa pamedidimia kuliko kwetu, maji yametuama, na chura mdogo ameketi humo kama mwenye nyumba. Pembeni zilionekana alama za vidole, mstari juu ya mstari, za mtu aliyesiriba na kusiriba tena. Mama alipiga magoti akaweka vidole vyake juu ya alama zile.

"Mama, alikuwa anaficha nini?" nikauliza.

"Hiki," akasema. "Alikuwa anaficha hiki hiki."

Hakuchukua udongo. Alitoka akaenda nyumba ya tatu, akasalimia, "Mugonile," kisha bila kungoja kiti akamwambia mwenye nyumba, "Mwenzangu, nionyeshe chini ya mkeka wako." Yule mama alikasirika, halafu akaanza kulia. Tukaenda nyumba ya nne, ya tano. Kila nyumba ilikuwa na mkeka wake wa ajabu, au kinu kilichowekwa pasipostahili, au kitanda kilichosogezwa. Kila mwanamke alikuwa amelala na ufa wake akiamini ni yeye peke yake aliyelaaniwa, na kila mmoja alikuwa na jirani anayemshuku.

Tulipovuka barabara kwenda kwa baba mdogo, sakafu ilikuwa kavu. Na nyumba zote za upande ule zilikuwa kavu. Wanawake waliokuwa wametufuata wakarudi kusimama juu ya tuta. Upande wetu, ambako zamani kijito kilipita mbio kwenda ziwani, maji yalikuwa yamelala kwenye nyasi, yamezuiliwa na ule ukuta wa udongo, yametanda mpaka kwenye migomba. Hayakuwa na pa kwenda ila chini yetu.

Mama alilitazama tuta muda mrefu. "Baba yako na wenzake walilijenga vizuri," akasema. "Halivuji hata tone."

Mtadhani tulikuwa tumepona, maana tumejua. Wanawake walikwenda kwa mnyapara kumwomba akate mfereji mmoja tu upite chini ya barabara. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja, akaona, akatikisa kichwa. "Mizigo ya vita inapita hapa," akasema. "Nikikata barabara, watakata mgongo wangu." Wakaenda kwa jumbe, jumbe akasema ni ya mnyapara.

Basi wakaikata wenyewe, asubuhi kweupe, kwa majembe, huku wakiimba kana kwamba ni shamba. Nakumbuka maji yalivyoruka upande wa pili, mekundu, na sisi watoto tukikimbia nayo tukipiga kelele. Ilikuwa furaha ya asubuhi moja. Jua halijasimama kichwani, askari wakafika. Wanawake walilazimishwa kuziba kwa mikono, konzi kwa konzi. Viboko wakapigwa wanaume waliobaki kijijini, kwa kosa la kushindwa kutawala wake zao na wake za ndugu zao. Baba mdogo akiwemo, ambaye sakafu yake ilikuwa kavu. Alipoinuka hakumwambia mama neno lolote la lawama, na nadhani hilo ndilo lililomvunja mama nguvu zaidi.

Siku mvua zilipopumzika kidogo, mama alinishika mkono tukashuka ziwani, tukapanda mtumbwi hadi Ikombe, kule milima inakozama majini bila kuacha hata uwanja wa kuchezea. Bibi Kisa alikuwa ameketi na wanawake wenzake, anafinyanga. Mama alipiga magoti kwenye mchanga.

"Tumeona chini ya mkeka wako," akasema. "Si wewe."

Bibi Kisa hakuacha kuzungusha mkono ndani ya chungu. "Nilijua si mimi, mwanangu. Kujua hakukunisaidia kitu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema sakafu yangu nayo imepasuka, wangesema nimeloga mpaka nikajiloga." Akalainisha mdomo wa chungu kwa maji. "Na wewe kwa nini hukusema?"

Mama akamwomba arudi.

"Nirudi wapi? Kwenye maji?"

Alitupa samaki, tukala, tukaondoka. Hakusema amesamehe wala hakusema hakusamehe. Mimi nilimngoja aseme mpaka mtumbwi ukaondoka.

Baada ya hapo mama alizidi kusiriba. Hilo lilinishangaza. Alikuwa ameshajua maji yanatoka wapi, na kwamba hakuna wa kuyazuia, lakini kila asubuhi alikuwa chini na kikapu chake. Nikamwambia, "Mama, si yatarudi tu?"

"Yakirudi, nami nitarudi."

Mvua kubwa za masika ziliukuta ukuta wa upande wa meko umeshaoza chini. Nyumba iliinama taratibu, mchana, watu wakiwa wanaitazama, kisha ikapiga goti kama ng'ombe mgonjwa. Bibi alipiga yowe. Mama alitoa vyungu vyake, akahesabiwa mke katika nyumba ya baba mdogo, na mwaka uliofuata akamzaa mdogo wangu.

Waingereza walipokuja, Wadachi wakakimbia, na wapagazi wachache wakaanza kurejea, wembamba kama mianzi. Mmoja alisema alimwona baba anatetemeka kwa homa, ameachwa kando ya njia. Mwingine akasema yule hakuwa yeye. Kwa kuwa hapakuwa na maiti wala neno la hakika, msiba haukukaliwa. Na Waingereza wakaitumia barabara ile ile, wakaisifu kuwa imara.

Kwa baba mdogo sakafu ilikuwa kavu mwaka mzima, sakafu ambayo mwanamke yeyote angejivunia. Lakini siku ya kwanza tu mama aliniita, akanipa kikapu cha samadi. "Umekuwa mkubwa," akasema. "Hii ni kazi yako sasa." Hakusiriba tena mpaka anakufa. Mimi nilijitapa kwa wenzangu wiki nzima kuwa nimekabidhiwa nyumba.

Nilikuwa mjane mwenyewe, nywele zimeshaanza mvi, ndipo nilipoelewa. Mama hakuwa akipigana na maji. Maadamu nyumba ilisimama, yeye alikuwa mke wa Andongolile, na hakuna mtu ambaye angeweza kumwita mjane. Kila konzi ya udongo ilikuwa inasema mume wangu yu hai. Siku aliponipa kile kikapu alikuwa anamzika baba, peke yake, bila jeneza wala waombolezaji. Nami nilikuwa nimesimama mbele yake, mtoto wa marehemu, nacheka kwa furaha.